Boksi Limerudi na Utepe Wake

"Bi Mwanamize, boksi lako hili hapa."

Abrahman, aliyerudi kutoka Uturuki, aliliweka barazani, akabaki amesimama. Mwanamize alilitambua. Ndilo alilomfungia mumewe Suhail miezi minne nyuma: halua ya Wete, pweza mkavu na kanzu ya Idi. Utepe haujaguswa.

"Mbona hukumpa?"

"Nimekwenda dakhalia yao, wanakolala wanafunzi, mara tatu. Wanasema hakai pale, yapata mwaka na nusu sasa."

"Muongo wewe! Kila Ijumaa naongea naye."

"Muulize mwenyewe, shemegi. Mimi simo."

Mwanamize aliolewa kwa simu. Suhail yuko Uturuki akisomea udaktari, wakili akamkubalia ndoa, watu wakala biriani, bibi harusi akahamia kwa mkwewe, Bi Ummi. Miaka miwili analala na simu kifuani. Mkono wa mumewe hajaushika hata siku moja.

Akaingia chumbani, akapiga.

"Uko wapi?"

"Darasani, mpenzi. Nitakupigia."

"Darasa gani, Suhail? Boksi limerudi."

Kwa mbali mtu alikuwa akifoka kwa Kituruki.

"Nipo kwa dobi," alisema. "Napiga pasi."

"Tangu lini?"

"Tulipewa mwaka mmoja kujifunza lugha yao. Mtihani nikaanguka mara mbili. Ufadhili wakakata, na kitanda wakaninyang'anya."

"Ukanificha!"

"Ningesemaje? Soko zima linamwita mama yangu Mama Daktari. Huku siku nne zinapita sijaongea na mtu. Ningekupoteza na wewe, ningebaki na nani?"

"Na mimi huku nimebaki na nani?"

Simu ikakatika. Ukaja ujumbe:

"Ukitaka talaka nitaiandika leo. Ila mama asijue."

Mwanamize alilia kidogo tu, kwa hasira. Akapiga tena, akaenda jikoni alikokuwa Bi Ummi akichambua mchele, akamtia simu sikioni.

"Mwambie mwenyewe."

Bi Ummi alisikiliza muda mrefu. Mchele ukabaki mkononi.

"Suhail," alisema, "umekula leo?"

Upande wa pili mwanamume mzima aliangua kilio.

"Basi rudi nyumbani, baba. Na huo Umama Daktari nimeuchoka, kila mtu ananiletea kikohozi chake."

Akamrudishia Mwanamize simu.

"Mwanamize, bado upo?" Suhail aliuliza.

"Nipo."

"Umenisamehe?"

"Bado. Hilo huniombi kwenye simu. Njoo."