Alama Tisa kwa Sauti ya Marehemu

"Rudisha nyuma, mwanangu," Mama Uwimana alisema, machozi yakimtiririka. "Nimsikie tena mume wangu."

Wilbroad akagusa simu. Watu wote sebuleni pale Gongoni wakasogea kutazama. Kwenye kioo cha simu alionekana mzee Aleksi, yule yule aliyezikwa Ulyankulu miezi minne iliyopita, amekaa kwenye kiti, anazungumza taratibu:

"Binti yangu Godeliva nimempa Wilbroad. Nikiwa sipo, mtu asiwazuie."

Baba mdogo Justini, ndugu wa marehemu, akavua kofia. Tangu matanga yaishe alikuwa amekataa posa, akisema hawezi kutoa binti wa kaka yake bila kulijua neno la kaka yake.

"Kaka kasema mwenyewe," akajibu. "Mimi ni nani? Washenga waje Jumamosi."

Vigelegele vikapigwa. Godeliva akamvuta mchumba wake uani.

"Ulimrekodi lini?"

"Siku ya jubilei ya ndoa yao. Aliniita pembeni. Nimeitafuta hiyo video mpaka nimechoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka niwashtukize, mpenzi. Kwani hufurahi?"

"Nafurahi."

Lakini moyoni kulikuwa na mwiba. Godeliva alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa mzee Aleksi. Kwa hiyo tangu anatambaa, baba yake alimwita "mama". Mama lete maji, mama umekula? Kumwita Godeliva kavu kavu ilikuwa sawa na kumtaja mama yake mzazi kwa jina, na mzee hakuwa mtu wa kukosa adabu hivyo.

"Labda kamera ilimtia woga," akajipoza. Mapenzi hayo, yanajua kukutafutia sababu.

Siku ya nne akaenda studio Kanyenye, anakofanya Wilbroad kazi ya kuhariri video za harusi. Alitaka video ile iwekwe kwenye flashi, maana mama yake alikuwa ametumiwa kwenye simu yake, akaicheza kila asubuhi mpaka simu inazima.

"Shikamoo kaka Sabiri."

"Marahaba shemeji, karibu kiti!" mwenye studio akamjibu. "Mwenzako katoka, anarudi sasa hivi. Tena afadhali umekuja, nikushukuru."

"Unishukuru mimi?"

"Wewe na familia. Si mmetukubalia kuijaribu programu mpya kwa sauti ya mzee? Tumepewa mwezi mmoja tuitumie bure kabla ya kununua. Nikawaambia vijana, kila kitu kipya kilichomo mkijaribu, mkipe alama kati ya kumi. Wilbroad ndiye kafanya kwa makini. Sikia."

Akachukua karatasi, akasoma kwa furaha kabisa:

"'Kukata ukimya kwenye hotuba, nane. Kufuta mtu kwenye picha, tano, inaacha kivuli. Kutengeneza sauti na kuchezesha midomo, tisa. Nimejaribu kwa marehemu mkwe, kwa maneno niliyoandika mwenyewe. Mjane alilia, akaomba irudiwe. Hakuna aliyeshtuka. Nimepunguza alama moja, midomo inachelewa kidogo.'"

Ninyi wenye mabinti, hapo mngefanyaje?

Godeliva alishika ukingo wa meza.

"Soma tena pale pa mjane."

Sabiri akamtazama, tabasamu likamyeyuka. "Ina maana... hamkuambiwa?"

Mlango ukafunguliwa.

"Aah, mke wangu huyo! Umenifuata mpaka kazini?"

"Usiniguse."

Wilbroad akaiona karatasi. Uso ukamshuka.

"Godeliva, nisikilize. Baba mdogo wako angetuzungusha mpaka tuote mvi. Nimefanya kwa ajili ya mapenzi yetu. Mzee alinipenda, angesema hivyo hivyo."

"Angesema! Basi ungemwacha akae kimya na umauti wake."

"Ni mapenzi tu, nakuapia."

"Na alama? Nazo ulitoa kwa mapenzi?"

Wilbroad akanyoosha mkono aichukue karatasi. Godeliva akaiwahi.

"Mama yangu analia, wewe unatazama midomo ya baba kama inachelewa! Umekaa kwenye kiti chetu, umekula ugali wetu, kumbe unahesabu nani kashtuka!"

"Ile ilikuwa kazi tu..."

"Kazi? Baba yangu ni kitambaa cha kufutia mashine? Nikikutazama nasikia kinyaa, Wilbroad. Hata hiyo mikono yako inanichefua."

"Wewe si uliniambia wamekubali?" Sabiri akafoka. "Kusanya vitu vyako, utoke."

Nyumbani alimkuta mama yake anabangua karanga, simu iko mapajani, inasema. Godeliva akakaa chini, akamweleza yote. Mama Uwimana hakupiga kelele. Aliishika simu kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa panya aliyeoza, akaisukuma mbali.

"Kwa hiyo siku nne hizi nimeongea na nani?"

"Uliongea nayo, mama?"

"Nilikuwa namjibu. Nimemwambia mambo ya chumbani kwetu, mwanangu." Akatema mate uani, akasugua midomo kwa khanga mpaka ikawa myekundu.

Jioni baba mdogo Justini akawapigia washenga.

"Jumamosi msije. Posa imekufa. Na mumwambie kijana wenu kwamba siku ile nilikuja Gongoni nimeshakata shauri kuwaruhusu. Hakuningoja hata nifungue mdomo."

Wiki ikapita. Ujumbe ukaingia: "Nisamehe Godeliva. Nimefuta kila kitu, hata programu nimeitoa. Tuanze upya mpenzi."

Akampigia.

"Umefuta?"

"Kila kitu, haki ya Mungu!"

"Na kichwani kwa mama umefutaje?"

"Sijakuelewa."

"Leo anajaribu kukumbuka baba alivyokuwa akimwita akitoka shamba. Sauti haiji. Inakuja ile yako. Miaka thelathini na moja waliishi wote, na sasa akifumba macho anakusikia wewe."

"Godeliva, tafadhali..."

"Ongeza ile alama moja uliyopunguza," akamwambia, akakata simu, akaenda kumshika mama yake mkono.