Mama Kalista Hakuwa Mtegeaji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kalista alikwenda kisimani mara mbili. Wenzake walikwenda mara moja tu, kwa kuwa ndoo ya pili ilibebwa na mama zao. Upepo wa Ufipa ulimpiga usoni, maji baridi yakamchuruzika shingoni, naye akakaza mwendo. Akifika nyumbani alifagia uwanja, akakoroga uji, kisha akanawa miguu na kukimbilia shule.

Mama yake, Josefina, alibaki kibarazani akichambua maharage. Si kwamba alipenda kukaa. Mwanamke yule ukimpa jembe aliwaacha wanaume nyuma. Lakini alikuwa mjamzito, na daktari wa Sumbawanga alikuwa amemkataza jembe, ndoo na mzigo wa kuni.

Jambo hilo walilijua watu watatu tu: Josefina, mumewe Wilibrodi, na Kalista. Kwao mimba haikutangazwa. Ilingojewa ijionyeshe yenyewe. Tena Josefina alikuwa na sababu zaidi. Baada ya kumzaa Kalista alikuwa amepoteza mimba mbili, na kila mara wanawake waliokuja kumpa pole waliondoka na maneno ya kusema njiani.

"Safari hii sisemi kitu," alimwambia Kalista. "Nawe ufunge mdomo wako, mwanangu."

Kalista aliufunga. Alikuwa na lake moyoni. Siku moja alimsikia shangazi yake, Kristiana, akinong'ona, "Mtoto yule alizaliwa kwa kutanguliza miguu. Ndiye aliyewafungia wenzake mlango." Tangu siku hiyo Kalista aliamini kwamba wadogo zake walikufa kwa sababu yake. Aliteka maji kama mtu anayelipa kosa.

Ilikuwa miaka ile watu walipohamia katika vijiji vya Ujamaa. Kijiji chao kilikuwa kipya, kando ya barabara ya Chala, na kilikuwa na shamba la pamoja. Mvua zilipokaribia kwisha, kazi kubwa ilikuwa kutengeneza matuta. Watu walikata nyasi mbichi, wakazikusanya mafungu mafungu, kisha wakazifunika kwa udongo ili zioze na kuipa ardhi nguvu. Kila kaya ilileta watu wake wazima. Asiyefika alitajwa mkutanoni mbele ya wote.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Gaudensi, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mkali kama pilipili. "Ndugu Wilibrodi," aliuliza mkutanoni, "mkeo yu wapi? Anaumwa?"

Wilibrodi aliinamisha kichwa. "Yupo nyumbani, mzee."

"Basi ni mtegeaji. Ulezi wa kijiji ataula, lakini kuulima hataki!"

Watu wakacheka. Kesho yake shuleni, Adela, msichana aliyekaa dawati moja na Kalista, akatunga wimbo: "Mama Kalista kaolewa na kitanda." Darasa zima likauimba. Kalista alirudi nyumbani macho mekundu.

"Mama, nenda siku moja tu!" alilia. "Siku moja tu, waone kwamba wewe si mvivu. Nimechoka kuchekwa."

Josefina aliendelea kuchambua maharage yake. Lakini maneno yalikuwa yameshamwingia. Jumamosi alifunga khanga mbili, akavaa sweta kubwa la mumewe, akachukua jembe. Wilibrodi alikuwa amekwenda Mtowisa kutafuta mchele, kwa hiyo hakuwapo mtu wa kumzuia.

Jumamosi wanafunzi nao walikwenda shambani, kwa hiyo Kalista alimwona mama yake akilima. Mwanzoni alijivuna. Josefina alipanga matuta kama zamani, na Mzee Gaudensi akasema kwa sauti, "Mnaona? Alikuwa anaweza!" Jua lilipopanda, Kalista akaona mama yake amesimama, ameegemea mpini, midomo imekauka. Akamkimbilia.

"Tumbo linakaza," Josefina alinong'ona. "Nyamaza. Nitapumzika kidogo, litaachia."

Alichukua jembe tena. Akapiga mara moja, akapiga magoti. Wanawake waliokuwa karibu waligeuka, na Josefina akatikisa kichwa kumwonya bintiye.

Kumtaja mama yake kwamba ana mimba, mbele ya wanaume na watoto wenzake, ilikuwa aibu kubwa. Tena aliahidi. Lakini alikumbuka mara mbili alizomwona mama yake akilia ameelekea ukutani, na akajua kwamba akinyamaza, ya tatu inakuja. Akapaza sauti hadi ikakatika:

"Mzee Gaudensi! Mama ana mimba! Daktari alimkataza jembe! Msaidieni, mtoto atakufa!"

Mzee Gaudensi alitupa jembe lake, akaita vijana, wakafunga machela kwa miti na blanketi. Josefina alipolazwa juu yake alisema kwa uchungu, "Kalista, umenivua nguo mbele ya watu." Kalista alitembea kando ya machela huku akilia waziwazi.

Zahanati ya kijiji ilikuwa na mwuguzi mmoja, Nesi Suma, mwenyeji wa Mbeya. Alimlaza Josefina kwa ubavu, akampima, akamwuliza mambo mengi. Josefina alimweleza yote aliyoambiwa na daktari.

"Shikamoo, nesi," Kalista alisema mlangoni. "Ni mimi niliyemfanyia hivi. Nilimwambia aende shambani. Na nilizaliwa kwa miguu, nikawafungia wenzangu mlango."

"Marahaba. Nani kakuambia upuuzi huo?" Nesi Suma akamvuta, akamketisha. "Sikiliza. Kila mwanamke ana mfuko ambamo mtoto hukua. Wa mama yako umegawanyika sehemu ya juu, ndivyo alivyozaliwa. Si uchawi, wala si laana. Nafasi ni ndogo, mtoto hawezi kugeuka vizuri. Ndiyo maana ulitanguliza miguu. Ulitoka ulivyoweza, maskini. Wengine huwahi kutoka kabla hawajakomaa. Hukumfungia mtu mlango."

Kalista aliuficha uso wake katika magoti ya nesi, akalia kilio kilichokuwa kimekaa ndani muda mrefu.

"Kumshawishi mama aende shambani, hapo ulikosea," nesi akaendelea. "Kusema ukweli, hapo umemwokoa." Kisha akamgeukia Josefina. "Nawe, mama, mficha uchi hazai. Ungeniambia mapema, ningezungumza na balozi mwenyewe."

"Mtoto atapona?" Josefina aliuliza.

"Sijui. Sitakudanganya. Lakini bado yu hai."

Tumbo lilipotulia, Josefina alipelekwa hospitali Sumbawanga, akatakiwa abaki huko hadi ajifungue. Wiki zile zilikuwa ndefu. Wilibrodi alipika ugali mbaya, na Kalista aliula bila kulalamika. Asubuhi moja alimkuta Adela mlangoni na ndoo kichwani. "Nimekuletea maji," Adela alisema, macho chini. "Ule wimbo nilikosea." Kalista akampokea.

Mtoto alikuwa amelala kwa upande tumboni, kwa hiyo daktari alimtoa kwa upasuaji, kabla ya siku zake. Alikuwa wa kiume, mdogo, mwenye sauti nyembamba, na kwa siku nyingi hakuna aliyethubutu kumpa jina. Aliponenepa kidogo wakamwita Clemens, wakarudi naye kijijini.

Mkutano uliofuata, Mzee Gaudensi alisimama, akavua kofia yake.

"Ndugu zangu," alisema, "kumwita mtu mtegeaji ni rahisi, kumwuliza vizuri ana shida gani, kunataka subira. Mimi niliuliza kwa ukali, mbele za watu, nani angenijibu? Kuanzia leo, mama mjamzito atamwambia nesi, na nesi ataniambia mimi, bila kelele. Nanyi watoto, siri ni nzuri, lakini siri inayoua msiitunze. Mwambieni mtu mzima, hata mkiona haya."

Akamgeukia Josefina, aliyekuwa amempakata Clemens.

"Mama Kalista, unisamehe. Siku zote tulizokutafuta shambani, wewe ulikuwa kazini."