Uzi Mwekundu wa Breeshey

Mwamba ulipasua mashua kabla Finlo hajauona. Ukungu ulikuwa umewafunika ghafla. Kasia moja likachukuliwa na maji, jingine likavunjika mikononi mwa baba mkwe wake, Illiam, likamchana paja.

"Ziba tundu!" mzee alifoka. "Mguu utangoja!"

Finlo alivua koti na shati, akavishindilia penye ufa, akaanza kuteka maji kwa kofia. Mkondo uliwasukuma. Kisiwa cha Man hakikuwa mbali, lakini kilikuwa upande gani?

"Usihofu, mwanangu. Ukungu huu ni joho la Manannán, mwenye bahari. Anatuficha tu. Si ulimpelekea matete yake?"

"Nilipeleka, Baba."

Uongo mtupu. Kila kiangazi kila nyumba humlipa Manannán kodi yake, mzigo wa matete mabichi kileleni mwa mlima Barrule. Mama mkwe wake, Breeshey, aliyekuwa na magoti mabovu, aliufunga mzigo wao kwa uzi mwekundu wa sufu, akamkabidhi Finlo. Naye, hodari wa mdomo na mvivu wa miguu, alicheka njiani: "Mungu gani anakula majani kama ng'ombe?" Akauficha mashuani, omoni, kule mbele kabisa.

Mzee alimsogezea chupa ya maji, yaliyobaki kidogo. "Kunywa wewe. Manannán anakujua wewe, uliyempelekea matete."

Finlo alikunywa.

Damu haikukoma. Midomo ya mzee ilianza kuwa myeupe.

"Nifunge, Finlo. Kwa chochote."

Chochote kilikuwa kimoja tu. Finlo alijikokota hadi omoni, akauvuta ule mzigo mbele ya macho ya mzee. Aliyasokota matete, akayazungusha pajani, akayafunga kwa uzi mwekundu. Aibu ilimuunguza masikio.

Mzee aliyatazama matete, kisha akamtazama yeye.

"Kaza," alisema.

Ndipo wakasikia masufuria. Wanawake walikuwa ufukweni wakiyagonga, kuwaita waliopotea. Finlo alipiga maji kwa ubao kuufuata mlio, hadi mchanga ukakwaruza chini yao.

Breeshey aliingia majini na sketi yake, akamkumbatia Finlo. "Nilijua! Nilisema, Finlo wetu kapeleka matete, hatapotea!"

Breeshey aliinama kuutazama mguu wa mumewe. Kidole chake kiligusa uzi, kikatulia hapo.

"Yameniokoa, mke wangu," mzee alisema.

"Nimeona." Alijiinua polepole, akishika goti. Hakumtazama mkwewe. "Kesho nitakata mengine. Nitayapeleka mwenyewe."