Vidonge Vitatu Kwenye Kisahani

Asubuhi ya kwanza baada ya bibi kuzikwa, babu alikaa mezani akangoja. Chai ilikuwa mbele yake, inatoa mvuke, lakini hakuigusa. Mama alikuwa akipanga vyombo vya majirani vilivyoazimwa wakati wa msiba, akijaribu kukumbuka sufuria ipi ni ya nani. Mjukuu wa nyumba hiyo, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye wote walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa akifuta vikombe karibu na mama.

"Baba, mbona hunywi chai?" mama akauliza.

"Nangoja," babu akajibu. Kisha akainamisha kichwa. "Basi tu. Nilikuwa nangoja."

Chiriku alielewa kabla ya mama. Kwa miaka sita, tangu babu aambiwe kwamba ana presha ya kupanda, bibi alikuwa akimwekea kisahani kidogo karibu na kikombe kila asubuhi. Juu yake palikuwa na vidonge viwili, cheupe na cha njano. Babu hakuwahi kuuliza majina yake wala kuvitazama. Alivikomba, akavitupia kinywani vyote kwa pamoja, akashushia maji, macho yake yakiwa dirishani. Kisha alilalamika, "Mwanamke huyu ataniua kwa dawa."

Bibi naye hakukosa jibu. "Ningetaka kukuua ningekunyima."

Chiriku akaenda kwenye kabati la vyombo. Chupa mbili za dawa zilikuwa pale pale, na ndani ya mlango wa kabati kulibandikwa karatasi yenye mwandiko wa bibi, herufi zote zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo: *Asubuhi cheupe kimoja, cha njano kimoja. Usiruke hata siku moja.* Akahesabu vidonge, akaviweka kwenye kisahani, akakipeleka mezani.

"Kazi hii ni yangu kuanzia leo," akasema.

Babu akavimeza. Safari hii hakulalamika.

Mama alishukuru sana. Yeye aliondoka alfajiri kwenda kuoka mikate kiwandani, na asingeweza kuwapo babu anapoamka. Chiriku hakuruka hata siku moja. Hata alipochelewa kuamka, alikimbilia kabatini kabla ya kunawa uso. Kila alipousoma ule mwandiko, alihisi kana kwamba bibi yuko chumba cha pili anatafuta khanga yake.

Wiki tatu baadaye ikafika tarehe ya babu kwenda kituo cha afya. Zamani alikwenda na bibi. Sasa alikwenda peke yake, akarudi na pakiti ya vidonge vya rangi ya waridi.

"Wamenipa kipya," akasema, huku akivua koti. "Kimoja kila asubuhi."

"Na vile vingine, babu?"

"Ah, walisema mengi. Nilikuwa nawasikia kama watu walio nyuma ya ukuta." Akamkabidhi pakiti. "Panga wewe. Mwenye kisahani ni wewe."

Chiriku akasimama mbele ya kabati akafikiri. Chupa za zamani zilikuwa bado na vidonge vingi, maana bibi alikuwa mtu wa akiba. Karatasi ilisema usiruke. Kuacha vile vidonge kulikuwa sawa na kumwambia bibi kwamba maneno yake yamekwisha kazi. Kesho yake akaweka cheupe, cha njano na cha waridi. Babu, macho dirishani, akavikomba vyote vitatu.

Babu alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, mlango wake ukitazama barabara. Siku chache baada ya kuanza dawa mpya, mambo yakaanza kwenda kombo. Miguu yake ilivimba hadi viatu vikamkataa, akawa anakanyaga cherehani kwa ndala. Akiinuka, alishika kwanza ukingo wa meza akafumba macho. Mkono wake, ambao haukuwahi kukosea mshono, ulishona suruali ya mteja mguu mmoja mfupi kuliko mwingine.

Aliyeiona suruali hiyo alikuwa mwenye duka la vitambaa la jirani, mama ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Redio kwa sababu ya sauti yake nene.

"Fundi, shikamoo. Suruali hii ni ya mtu mmoja au umewagawia wawili?"

"Marahaba. Iache. Kichwa kinanizunguka kama pia."

"Ni majonzi hayo, Fundi. Majonzi yana uzito."

Kila mtu alisema hivyo. Mama alisema hivyo, na babu mwenyewe pia. Chiriku naye akaamini, akazidi kuwa makini na kisahani.

Jumamosi asubuhi Bi Redio alikuja kupimwa gauni. Babu akachukua futi yake ya kitambaa, akainuka kwenye kiti. Hakufika hatua ya pili. Alianguka ubavu kati ya cherehani na kapu la vipande, futi ikiwa bado mkononi.

"Jamani, Fundi! Fundi!" Bi Redio akapiga kelele.

Chiriku alitoka jikoni mbio. Babu alikuwa na fahamu, lakini uso wake ulikuwa umepauka na kijasho chembamba kilimtoka. Bi Redio hakupoteza muda. Alileta gari lake dogo la kubebea vitambaa, wakampakia, wakampitia mama kiwandani akiwa bado na unga kwenye nyusi.

Kituo cha afya kilikuwa kimya. Nesi alimfunga babu kitambaa cha kipimo mkononi, akasikiliza, akafungua, akafunga tena kuhakikisha.

"Tisini kwa hamsini," akamwambia daktari. "Imeshuka mno."

"Mzee, unatumia dawa gani?" daktari akauliza.

"Hiyo mliyonipa. Kimoja kila asubuhi."

"Kimoja tu?"

"Kimoja tu," babu akasema, na alisema kwa moyo safi kabisa.

Daktari akakunja uso. "Kama ni kimoja tu na hali ni hii, basi nahofia moyo. Itabidi apelekwe hospitali kubwa sasa hivi, na dawa hii aiache." Akavuta karatasi, akaanza kuandika.

Mama akajiziba mdomo kwa kiganja. Chiriku alijua kwamba si kimoja. Vidonge vitatu alivipanga kwa vidole vyake mwenyewe, asubuhi kumi na moja mfululizo. Akisema, wote watajua kwamba aliyemwangusha babu ni yeye. Hakuwa na bibi wa kumfichia kosa. Lakini kalamu ya daktari ilikuwa inakwenda, na babu alikuwa amelala pale na ndala moja tu mguuni.

"Si kimoja," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Si kimoja, daktari. Ni vitatu. Cheupe, cha njano na cha waridi. Mimi ndiye ninayempa."

Kalamu ikasimama.

"Vya zamani pamoja na kipya?"

"Ndiyo. Karatasi ya bibi ilisema nisiruke." Hapo machozi yakamshinda.

Mama akamvuta kwake. Daktari akamwita mfamasia, mwanamke mfupi mwenye miwani, ambaye alisikiliza kisa chote kisha akashusha pumzi ndefu. Hazikuwa pumzi za hasira.

"Nimeelewa," akasema. Akachukua kidonge kimoja cha waridi akakiweka kiganjani mbele ya Chiriku. "Hiki ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Kile cheupe kimo humu, na cha njano kimo humu. Tuliviunganisha ili mzee apate kazi rahisi. Ukimpa hiki pamoja na vile vya zamani, anapata kila dawa mara mbili. Presha inashuka kupita kiasi, kichwa kinazunguka, miguu inavimba."

"Kwa hiyo nimemuumiza."

"Ulimpenda kwa bidii, na taarifa hukuwa nayo. Taarifa tulikuwa nayo sisi, tukampa mtu aliyefiwa juzi, yuko peke yake, wala hatukumuuliza nyumbani ana nini. Hilo ni letu." Akamgeukia babu. "Na lako pia, mzee. Unameza kitu bila kukitazama?"

"Nilizoea kukiamini kisahani," babu akasema kwa sauti hafifu.

"Kisahani hakina macho!" Bi Redio akadakia kutoka mlangoni, na hata mama akacheka huku analia.

Waliinua miguu ya babu, wakamtundikia dripu. Walimpima moyo kwa mashine. Ulikuwa unapiga sawasawa. Kila nusu saa nesi alirudi na kipimo. Kufika saa tisa alasiri presha ilikuwa imepanda hadi mia moja na kumi na nane kwa sabini na mbili, na babu alikuwa anadai chai.

"Hospitali kubwa haihitajiki," daktari akasema. "Ungenyamaza, mtoto, tungetibu ugonjwa asiokuwa nao na kumwachisha dawa anayoihitaji. Umesema jambo gumu kwa wakati wake."

Mama aliketi kwenye benchi kana kwamba mtu amemtua mzigo kichwani. Chiriku akaketi karibu naye, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kabla hawajaondoka, mfamasia aliwaita dirishani kwake. "Kesho asubuhi mleteni tumpime kabla hajameza chochote. Tukiridhika, ataendelea na hiki kimoja. Msiache dawa kwa sababu leo mmeogopa, maana presha isiyotibiwa nayo huua. Akisahau siku moja, asimeze viwili kesho yake. Na kila dawa inapobadilishwa, ulizeni: ndani ya hii mpya mna nini, na ile ya zamani niiache au niendelee nayo? Msione haya kuuliza mara tatu. Mkija hapa, leteni dawa zote zilizoko nyumbani, hata za maumivu mlizonunua dukani. Mkweli kwa mganga wake ndiye tunayeweza kumsaidia."

Jioni ile Chiriku alisimama mbele ya kabati lililokuwa wazi.

"Babu, niibandue?"

Babu alikuja polepole akiwa ameshika ukuta, akabandua karatasi yeye mwenyewe bila kuichana. "Bibi yako aliandika alivyoambiwa, na wakati ule ilikuwa sahihi. Angekuwepo siku ile niliyopewa dawa mpya, angewauliza maswali mpaka wakamchoka. Mimi sikuuliza hata moja." Akaiweka kwenye Biblia yake. "Sasa andika ya kwako. Herufi kubwa, nisome bila miwani."

Chiriku akaandika. Kesho yake mfamasia alichukua zile chupa mbili za zamani, akampima babu, akampa ruhusa ya kumeza kidonge chake. Babu alikitazama kwanza, akakigeuza kati ya vidole viwili, ndipo akakimeza.

Siku hizi babu hupimwa presha kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Chiriku huenda naye. Siku hiyo huingia darasani saa nne, na mwalimu wake anajua sababu.