Shuka Lililomponyoka Bibi

Kila akitoka shule, Kasuku alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kufulia cha bibi yake. Jina hilo alibandikwa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Bibi alikuwa dobi wa nyumba ya wageni, na mashuka makubwa hukunjwa na watu wawili: huyu ashike ncha hizi, yule zile, wavute, kisha wakutane katikati. Shangazi alikuwa pembeni akipiga pasi.

Kwa utani, Bibi hakuwa na mpinzani. Alizoea kuachia ncha ghafla ili mjukuu wake apepesuke, kisha acheke mpaka machozi yamtoke. Kwa hiyo taarifa ya habari ya saa kumi ilipoanza redioni na ncha moja ikamponyoka Bibi, Kasuku alicheka tu. Ilipomponyoka tena, alinuna.

"Bibi, leo umezidi. Nina hesabu za kufanya."

Bibi alijibu, lakini maneno yalitoka mazito, ya kukokota. Kasuku alimtazama vizuri. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Akaliachia shuka, maana muuguzi aliyekuja shuleni wiki iliyopita aliwaeleza jambo hilohilo.

"Bibi, hebu tabasamu."

Ni upande mmoja tu uliotabasamu.

"Sasa inua mikono yote miwili."

Wa kulia ulipanda kidogo, ukashuka wenyewe.

"Shangazi, hiki ni kiharusi. Piga simu hospitali."

Shangazi aliweka pasi kando, akaja kumketisha mama yake. "Acha uchuro, mtoto wewe. Mama amesimama tangu asubuhi, amechoka. Nitampa chai yenye sukari, alale kidogo, ataamka mzima."

Kasuku aliogopa. Kumbishia mtu mzima si jambo jepesi, tena shangazi yake mwenyewe. Lakini kumpoteza Bibi kulimtisha zaidi.

"Niwie radhi, Shangazi. Asinywe kitu, atapaliwa. Na tusimwache alale. Muulize jina lako, umsikie mwenyewe."

Shangazi aliinama. "Mama, mimi ni nani?"

Bibi alijitahidi. Zikatoka sauti zisizoeleweka. Shangazi hakubisha tena. Alichukua simu, akaita gari la wagonjwa.

Hospitalini, daktari aliuliza kwanza dalili zilianza lini.

"Taarifa ya habari ya saa kumi ilikuwa ndiyo inaanza," Kasuku alijibu.

"Vizuri sana. Bado tuko ndani ya muda," alisema daktari, na Bibi akapelekwa haraka kupigwa picha ya kichwa.

Siku chache baadaye, Bibi aliketi kitandani. Mkono ulikuwa bado mzito, ila ulimi ulikuwa umerudi.

"Mshipa wa damu uliziba kichwani," daktari aliwaeleza. "Dawa ya kuuzibua ina muda wake. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, hata ikiwa ni dalili moja tu, msisubiri ipite. Njooni mara moja."

Shangazi alifuta macho, akamgeukia Kasuku. "Nilikuambia uache uchuro kwa sababu niliogopa kuamini. Siku nyingine ukiona hatari, nibishie. Kwa adabu, lakini nibishie mpaka nisikie."

"Binti yangu," Bibi alisema taratibu, "ruhusa hiyo uliyompa huyu, utaijutia."