Vyumba Kumi na Vinne

Siku hizi ukipita pale utakuta ofisi za vioo, na ukisimama sana mlinzi atakuuliza una shida gani. Zamani palikuwa na hoteli ya ghorofa tano, yenye mapazia ya kijani na lifti ya mizigo iliyoharibika kila Jumatatu kana kwamba ilikuwa na mkataba na fundi wake. Waliofanya kazi humo bado wanaikumbuka kwa mapenzi, hata wale waliofukuzwa. Na wakishaanza kuikumbuka, hawamalizi bila kumtaja Wa Nne na Fundi.

Walikutana Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, kwenye ujia wa nyuma, na saa hiyo ujia ule haukuwa na tofauti na soko. Wapishi walipita na masinia ya chai, dobi alisukuma toroli la mashuka, mapokezi walipiga kelele kwamba mgeni wa ghorofa ya tatu hana maji. Katikati ya vurugu hizo lifti ilikuwa wazi, na ndani yake mwanamume wa ovaroli la kijivu alikuwa amepiga magoti, bisibisi sikioni. Mbele yake alisimama msichana mwenye sare ya buluu iliyomzidi, mikono yake imekunjwa mara tatu, amekumbatia bunda la mashuka.

"Fundi, itapona lini?"

"Haraka yote hiyo unaipeleka wapi?"

"Ghorofa ya nne. Ni siku yangu ya kwanza."

"Basi una bahati. Ngazi zipo, na hizo hazijawahi kuharibika."

Msichana angecheka, lakini alikuwa anazihesabu ngazi kichwani. Akaliweka bunda sakafuni, akalikalia pale pale katikati ya ujia, watu wakimruka.

"We! Unafanya nini?"

"Nakungoja."

"Na nikimaliza kesho?"

"Nitakungoja mpaka kesho. Mimi sina haraka, wenye haraka ni wageni."

Hapo Fundi akamtazama vizuri. Macho makubwa, kovu dogo kwenye nyusi, na kitambaa chekundu cha kichwa ambacho hakikuwa cha sare. Lifti ikapona baada ya dakika saba. Baadaye alikuja kukiri kwamba kwa kawaida kazi ile ilimchukua saa nzima, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kuharakisha.

Msichana hakumwambia kwamba ngazi zile zingemmaliza. Miaka mitatu kabla ya hapo homa ilimlaza wiki mbili. Homa ikaondoka, nguvu hazikurudi. Aliamka asubuhi amechoka kama mtu aliyelima usiku kucha. Daktari alimpima, akampima tena, akamwambia ugonjwa upo, unaitwa uchovu sugu, na la kufanya ni kujipimia: pumzika kabla hujachoka, maana ukishachoka umechelewa. Yalikuwa maneno mazuri, ila daktari hakuwa anaishi kwa dada yake.

Dada mtu alimpa kochi la sebuleni, akamlisha, akampenda kweli, na akamwita Mvivu. Alimwita hivyo kwa utani, mbele ya wageni na mbele ya watoto. "Mvivu, umeamka?" Ukisema "nimechoka" katika nyumba ile, watu walicheka kabla hujamaliza. Mwishowe akaacha kabisa kulisema neno hilo. Akatafuta kazi, akapata hii ya kutandika vyumba: miezi mitatu ya majaribio, na ukifaulu unaajiriwa na kupewa chumba katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya hoteli. Chumba chenye mlango wake na ufunguo wake. Akishindwa, anarudi kwenye kochi na jina lake.

Vyumba vilikuwa kumi na vinne kila siku, na vyote viwe tayari saa nane na nusu mchana. Wenzake walishika chumba kimoja mpaka kikaisha ndipo wakaingia kingine. Alijaribu hivyo wiki ya kwanza, na kila alipofika chumba cha tisa nguvu zilikuwa zimekwisha. Wiki ya pili akabuni mtindo wake. Asubuhi, nguvu zikiwa bado zipo, alitandika vitanda tu, saba mfululizo. Kisha alijifungia stoo ya taulo, akalala chali sakafuni dakika kumi, saa ya mkononi ameiweka kifuani. Halafu vitanda saba vingine, halafu sakafu tena. Mabafu aliyaacha mwisho kwa sababu bafu linafanyika umekaa: unakalia ukingo wa beseni la kuogea, unafikia sinki, vigae na bomba bila kuinuka. Ukipita saa tano ungekuta milango kumi na minne wazi na hakuna chumba hata kimoja kilichokwisha. Ukipita saa nane na robo, vyote vinanukia sabuni.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Zamani zile simu za vyumbani zilikuwa za waya, na Fundi alijua kuzipiga kutoka chumba cha mitambo bila kupitia mapokezi. Wa Nne (pale hotelini wahudumu waliitwa kwa ghorofa zao, na jina likamganda) angekuwa anavisha mto foronya, mara simu inalia kando ya kitanda.

"Huduma ya vyumba?" Sauti nzito ya kujifanya.

"Mgeni ametoka, bwana."

"Namtafuta mhudumu. Nasikia ana kitambaa chekundu kinachovunja sheria za hoteli."

"Huyo alifukuzwa jana."

"Basi na mimi naacha kazi leo. Umekula?"

"Bado, mpenzi wa watu."

"Watu gani hao? Nitajie nikawakatie umeme."

Alicheka mpaka akaangusha mto. Hadi leo anaikumbuka harufu ya shuka iliyotoka kwenye pasi, na waya wa simu aliokuwa akiuzungusha kidoleni huku akisingizia kwamba ana kazi. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile, na hakuona aibu kuikubali.

Tatizo lilikuwa Jumapili. Fundi alimwomba wakutane bustanini saa kumi jioni. Wa Nne alipiga pasi gauni la njano lenye vifungo mgongoni, akaoga, akajilaza dakika mbili mchana ule, akaja kuzinduka Jumatatu alfajiri. Jumapili iliyofuata ikawa vile vile. Siku ya pili yake simu ya chumba cha tisa ikalia.

"Niambie tu kama una mtu," Fundi alisema. Sauti haikuwa ya kujifanya.

"Sina mtu. Nina kochi."

"Unanicheka?"

Basi akakaa juu ya kitanda alichotoka kukitandika, kosa kubwa mahali pale, akamweleza yote: homa, daktari, dada, jina. Akamaliza, akasubiri kucheka kwake.

"Kwa hiyo wiki mbili hizi nimekuwa nalionea wivu kochi?"

"Ndiyo."

"Lina mvuto gani ambao mimi sina?"

"Limetulia. Halipigi simu."

Hapo ndipo Wa Nne alipompenda moja kwa moja. Na kama hadithi ingeishia hapo, mambo yangekuwa mazuri, lakini mwanamume akishapewa siri ya mtu anayempenda hujiona amepewa na kazi.

Tangu siku ile Fundi akaanza kupita ghorofa ya nne saa tano, akisingizia balbu. Aliona milango kumi na minne wazi, mabafu hayajaguswa, taulo zimelundikana. Akapiga hesabu zake. Saa tatu na nusu zimebaki, vyumba kumi na vinne havijaisha, na mwenyewe hasemi. Akaona mpenzi wake anazama. Hakumuuliza. Wiki ya kumi na moja alikwenda kwa msimamizi, mama mmoja mrefu aliyetembea na leso nyeupe ya kupangusia juu ya makabati, wote wakimwita Mama Leso. Akamwomba amhamishe Wa Nne akakunje taulo kwa dobi, kazi ya kukaa.

"Ni mgonjwa, Mama. Anajikaza tu."

Mchana huo huo Mama Leso akamwita Wa Nne ofisini.

"Mwanangu, kumbe unaumwa na hukutuambia?"

"Naumwa, Mama. Na vyumba viko tayari kila siku."

"Naambiwa saa tano kunakuwa hakuna hata kimoja."

"Umeambiwa na nani?"

Macho ya Mama Leso yalikwenda kwenye balbu mpya iliyokuwa juu ya meza. "Ijumaa nitashinda ghorofa ya nne mwenyewe. Vikiwa tayari saa nane na nusu, nasaini. Visipokuwa tayari, utakwenda kukunja taulo. Kule ni kibarua cha siku kwa siku, na hakuna chumba."

Wa Nne alishuka ngazi zote mpaka chumba cha mitambo, hakungoja lifti.

"Ulihesabu saa tano," alimwambia Fundi akiwa bado mlangoni, anahema. "Saa nane ulikuwa wapi?"

"Nilikuonea huruma, mpenzi. Nilitaka upumzike."

"Huruma yako inanirudisha kwenye kochi! Nilikupa siri yangu wewe peke yako, ukampelekea Mama Leso."

"Sikujua una utaratibu wako."

"Ungeniuliza! Mdomo unao, simu unazo kumi na nne!"

Wa Nne akageuka kuondoka.

"Ijumaa nisikuone ghorofa ya nne. Hata taa zikiungua zote, nitafanya kazi gizani."

Simu za vyumbani zikanyamaza. Alikuwa amezitaka zinyamaze, na bado kila alipoingia chumbani macho yalikwenda kwenye simu kwanza. Alimchukia Fundi mpaka saa sita, akamkumbuka kuanzia saa sita, na kesho yake akaanza upya.

Ijumaa Mama Leso alileta kiti, akakiweka katikati ya ujia. Saa tano akainuka, akachungulia chumba kimoja baada ya kingine.

"Hakuna hata kimoja."

"Bado, Mama."

Saa tano na nusu akafungua stoo ya taulo, akamkuta Wa Nne amelala sakafuni, saa kifuani.

"Unalala kazini, mbele yangu?"

"Nimebakiza dakika nne, Mama."

Mama Leso alimtazama, akaitazama ile saa. Akaurudisha mlango polepole.

Zamu ya mabafu ilipofika alimfuata, akasimama mlangoni akamwona anavyokaa na kufuta bila kuinuka. Kwenye chumba cha tano Mama Leso hakuwepo mlangoni. Wa Nne alirudi bafu la chumba cha nne, akamkuta msimamizi wake amekalia ukingo wa beseni, mkono ameunyoosha kuelekea bomba.

"Kumbe hapa unafika kila mahali," Mama Leso alisema, kidogo kwa aibu. "Miaka ishirini na miwili nimeinama. Hakuna aliyeniambia kwamba inaruhusiwa kukaa."

"Hata mimi sikuambiwa, Mama."

Saa nane na dakika ishirini chumba cha kumi na nne kilikwisha. Leso ilipita juu ya makabati yote, ikarudi nyeupe. Mama Leso akasaini akiwa amesimama, akampa mapumziko ya siku tatu bila kuombwa, na akamwambia ufunguo wa chumba ataukuta ofisini Jumanne.

Mwili nao ukadai chake. Jumamosi hakuweza kuinua kikombe. Jumapili alilala kwenye kochi, pazia limefungwa, hata nywele zikimuuma. Alisikia dada yake akiwatangazia majirani dirishani, "Mvivu amepata kazi ya kudumu, na ameianza kwa kulala!" Alisikia na hodi, saa kumi juu ya alama.

"Habari za hapa, shemeji?"

"Shemeji wa nani?"

"Bado nalihangaikia hilo."

"Unamtaka Mvivu? Amelala."

"Si mvivu, shemeji. Nimemwona kazini. Naomba nimsubiri."

Fundi aliingia na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Akachukua kigoda cha watoto, akakaa miguuni pa kochi, magoti karibu na kidevu.

"Sikuja kukuamsha," alinong'ona.

"Niko macho. Mdomo ndio umelala."

"Nilikosea. Nilikuhesabia vibaya, na nilisema yasiyokuwa yangu. Sitakusemea tena mahali popote bila kukuuliza kwanza."

Alitaka kuendelea kukasirika. Lakini hasira inahitaji nguvu, na zake zote zilibaki kwenye vyumba kumi na vinne. Na kusema kweli, alikuwa amemkumbuka mtu huyu hadi anaumwa.

"Sasa nakuuliza," Fundi akaendelea. "Nataka tuoane. Ufunguo utabaki kuwa wako, mimi nitapiga hodi. Unasemaje?"

Jikoni kitu kikaanguka. Dada mtu akatokea mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi.

Jibu Wa Nne alikuwa nalo, alikuwa nalo tangu siku ya chumba cha tisa. Lakini alitaka kulitoa akiwa amekaa wima, nywele zimechanwa, sauti yake ikiwa imerudi. Akafungua mdomo, na likatoka lile neno alilolificha miaka yote.

"Nimechoka."

Hakuna aliyecheka. Dada alikuwa ameshaanza kutabasamu, akauona uso wa yule mwanamume, tabasamu likaishia njiani.

"Sawa," Fundi alisema. "Kesho saa ngapi?"

Machozi yakamtoka Wa Nne, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta.

"Saa kumi," akasema.

Kesho yake Fundi alifika saa kumi kasoro dakika tano, akamkuta amelala, akakaa kwenye kigoda. Watoto walipoingia mbio kutoka nje, dada mtu aliwazuia mlangoni, kidole mdomoni. "Taratibu! Mama yenu mdogo amepumzika."

Alipofumbua macho ilikuwa imeshapita saa kumi na moja. Nyumba nzima kimya, na Fundi amesinzia, kichwa ukutani, mdomo wazi. Wa Nne akainuka, akakaa wima, akachana nywele bila haraka. Kisha akamgusa goti.

"Haya," akamwambia. "Niulize."