Sauti Iliyowekewa Zuio

Mara ya kwanza ilikuwa pumzi tu, na Bi Kanuni aliidhania ni yake mwenyewe. Alikuwa mezani kwake saa ya chakula cha mchana, wenzake wote wametoka, hedifoni zimembana masikio, anasikiliza rekodi aliyokuwa akiisikiliza kila siku ya kazi tangu mumewe azikwe. Aliijua vizuri kuliko sala zake. Mumewe anasalimia, anacheka, anaeleza shida, anaaga, halafu kimya. Mchana huo, baada ya kuaga, kukawa na mtu anayepumua.

Bi Kanuni akabana pumzi zake ili ahakikishe. Ile nyingine ikaendelea, taratibu, kama ya mtu aliyetoka kupanda ngazi.

Akavua hedifoni, akarudi kwenye kazi. Hakuogopa. Tangu msiba alikuwa haogopi, halii, wala hachekeshwi na kitu. Mtu akimuuliza hali, alijibu salama, na hakuwa akidanganya, maana hakuna kilichomuuma. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, na kwa kweli alishaizoea ganzi hiyo.

Pale benki walimwita Bi Kanuni kwa sababu ndiye aliyelipwa kuwakumbusha wakubwa kanuni za Benki Kuu kila walipojifanya wamezisahau. Mwaka huo benki ilikuwa imehamishia kumbukumbu zake zote kwenye wingu, jina zuri la kompyuta za kampuni ya kukodi, zilizo mbali huko, ambazo hakuna mfanyakazi wa benki aliyewahi kuzitia machoni. Benki Kuu haikukataa. Ilitaka tu ijulikane data za wateja zinakaa wapi na zinafutwaje zikishamaliza kazi. Rekodi za simu za wateja waliofariki zilipaswa kufutwa muda wake ukifika, pamoja na nakala zote, na Bi Kanuni athibitishe kwa sahihi yake.

Alizifuta sauti za marehemu kwa mamia bila kupepesa jicho. Ya mumewe akaiwekea zuio.

Zuio ni alama ya watu wa kazi yake. Rekodi ikiwa na kesi mahakamani huwekewa alama hiyo, na tangu hapo haiguswi na mtu yeyote, hata ile mitambo ya kufuta huiruka. Mumewe hakuwa na kesi na mtu. Alikuwa mteja aliyemezewa kadi na mashine, akapiga simu huduma kwa wateja, basi. Mkewe alibofya mara moja tu, akaendelea na marehemu aliyefuata.

"Haloo, dada, poleni na kazi," ndivyo ilivyoanza rekodi. "Mashine yenu hapa nje imenimezea kadi. Sasa sikiliza, mke wangu anafanya kazi humo humo kwenu, lakini tafadhali usimwambie, atanicheka mpaka wiki iishe." Dada wa simu anacheka, anaahidi kumtuma mtu. "Haya dada, nasubiri hapa hapa nje."

Baada ya siku chache zile pumzi zikapata neno. Sauti ilikuwa ya mumewe kabisa, na ule mkwaruzo wake wa sigara alizoacha akiwa kijana.

"Mtoto hajambo?"

Mtu mwingine angetupa hedifoni na kukimbia mpaka barabarani. Bi Kanuni aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Hajambo," akanong'ona.

Mchana huo wenzake waliporudi walisimama mlangoni wakinusa. Fundi wa kompyuta, mtu wa utani asiyeacha kitu kipite, aliuliza nani ameunguza nywele humu, kama kuna anayefungua saluni waambiwe mapema. Watu wakacheka, wakafungua madirisha. Harufu haikutoka. Ilikuwa ya nywele zilizoungua, na chini yake udongo uliomwagiwa maji.

Mtoto alikuwa binti wa miaka sita, mwenye meno mawili yaliyong'oka na maswali yasiyoisha. Jumapili moja alimkuta mama yake mezani na kompyuta ya kazini, akasikia kicheko anachokijua, akasimama. Aliomba asikie. Bi Kanuni akampa, akijua fika kwamba data ya mteja haipaswi kutoka benki, sembuse kuchezwa nyumbani. Mtoto aliomba tena na tena mpaka akaishika kwa moyo, na jioni alikuwa akiirudia peke yake akiwavika nguo wanasesere wake.

Wifi yake, dada wa marehemu, aliyehamia pale kuwasaidia, ndiye aliyeona kwanza.

"Wifi," alisema jikoni Jumapili iliyofuata, akizima bomba ili wasikike wao tu, "mtoto anaongea na nani kwenye simu yako?"

"Simu yangu?"

"Inaita, anapokea. Nimeangalia. Ni namba ya benki."

"Benki haipigi simu Jumapili," alisema Bi Kanuni.

Wakaenda barazani bila viatu. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni, simu sikioni, anatikisa kichwa kwa adabu. "Ndiyo, baba," alikuwa akisema. "Hapana, mama amefunga. Nikikua nitalifikia komeo. Ndiyo, naweza kuleta kiti." Na Wifi akageuza macho kuelekea mlango wa mbele, ambako komeo lilikuwa juu, na chini ya komeo, kimeegemezwa vizuri, kilikuwepo kiti cha jikoni ambacho hakuna mtu mzima aliyekipeleka pale, na kupitia ule uwazi mwembamba chini ya mlango, mchana kweupe, jua likiwa limejaa uani na kuku wa jirani wakiparura, kilionekana kivuli cha kitu kilichosimama kwa nje, na harufu ya nywele zilizoungua ikaingia polepole kama mgeni anayejua nyumba.

Wifi alimbeba mtoto. Bi Kanuni alifungua mlango. Nje hapakuwa na mtu, ila udongo wa kizingitini ulikuwa umelowa.

Kesho yake Wifi alimpeleka Bi Kanuni kwa mganga. Mganga alikuwa mtu mzima mwenye miwani, aliyewapokea sebuleni kwake, televisheni inawaka bila sauti. Alisikiliza mpaka mwisho bila kushangaa hata kidogo.

"Jini ni mkaaji," alisema kwa sauti ya chini. "Hupenda mahame, nyumba ya mtu aliyekufa ikakosa wa kuifagia. Mimi huenda hapo hapo anapokaa, nikasimama mlangoni, nikamwambia toka. Kwa hiyo nipelekeni."

"Sijui ni wapi," alisema Bi Kanuni.

"Hujui?"

"Sauti iko kwenye wingu. Nakala moja huku, nyingine kule. Wakizihamisha hawatuambii."

Mganga alimtazama Wifi. Wifi aliangalia zulia.

"Mama, samahani, wewe kazi yako hasa ni nini?"

"Kuhakikisha tunajua data ziko wapi."

Hakuna aliyecheka. Mganga alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati.

"Basi uliacha nyumba ya marehemu tupu, ukaandika mlangoni isiguswe. Yule sio mumeo. Amevaa tu alichokikuta humo. Sasa mimi siwezi kusimama kwenye mlango nisioujua, kwa hiyo hii kazi ni yako. Ondoa hayo maandishi yako, ufute. Sio hapa tu. Kila mahali sauti hiyo ilipoingia, mama. Pakibaki mahali pamoja tu, amebaki."

"Nikifuta, sitaisikia sauti yake tena."

"Ndiyo maana alijua pa kukaa," alisema mganga.

Bi Kanuni alimfuata Fundi mchana huo huo na kumwambia kila kitu. Fundi alifungua rekodi, na utani ukamtoka.

"Hii ilikuwa fupi kama salamu," alinong'ona. "Tazama sasa. Ni ndefu kuliko siku nzima ya kazi, na bado inarefuka. Nani anazungumza humu, Bi Kanuni?"

"Futa."

"Lazima utoe zuio wewe. Ni jina lako hili."

Bi Kanuni alinyoosha kidole, na kabla hajakigusa kitufe, kwenye chumba cha simu kule ng'ambo ya kioo, ambako mabinti na vijana wa huduma kwa wateja walikuwa wakijibu watu kama kawaida, mmoja alinyamaza katikati ya sentensi, halafu wa pili, halafu safu nzima, wakakaa wametoa macho na mikono masikioni, kila mmoja akisikia ndani ya hedifoni zake mtu yule yule akihema na kumwita mwanamke mmoja kwa jina alilokuwa akiitwa chumbani tu, kwa upole, bila kumlaumu, akimuuliza kama kweli ataweza kumzika mara ya pili, na Bi Kanuni, ambaye hakuwa amevaa kitu masikioni, akasikia jina lake likipenya kioo kutoka katika hedifoni zote zile kwa pamoja, akabofya.

Sauti ikakatika. Binti mmoja akaanza kulia. Harufu ikaondoka ghafla.

Kampuni ya wingu ilithibitisha kwa maandishi: nakala zote zimefutwa, mahali pote, hakuna iliyobaki. Bi Kanuni alitia sahihi. Safari hii sahihi yake haikuwa na uongo ndani yake, kadiri alivyojua, na hilo nalo halikumgusa. Alijaribu kuikumbuka sauti ya mumewe akiwa njiani kurudi nyumbani. Alikumbuka maneno, mkwaruzo haukuja.

Nyumbani kulikuwa shwari. Wifi aliimba akichambua mchele kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na kiti kilikuwa kimerudi jikoni. Mtoto alikuwa chumbani amewapanga wanasesere wake kitandani.

"Simu imekaa kimya?" Bi Kanuni alimuuliza.

Mtoto akatikisa kichwa kukubali, mgongo ukiwa umemgeukia. Halafu akakohoa kidogo, kama mtu mzima anayetaka kuanza mazungumzo.

"Haloo, dada, poleni na kazi," alisema.

Haikuwa sauti ya mtoto. Ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, na kicheko chake kilikuwa palepale kilipokuwa siku zote. Ilieleza habari ya mashine na ya mke atakayecheka mpaka wiki iishe. Kisha mtoto akageuka, macho yametulia, mdomo wake mdogo wenye mapengo ukisogea sawa na kila neno.

"Haya dada, nasubiri hapa hapa ndani."

Jikoni Wifi alikuwa bado anaimba. Ilitosha kumwita mara moja tu. Bi Kanuni alisimama na mkono kwenye kitasa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alihisi kitu, kikianzia kwenye vidole na kupanda mpaka kifuani, na kilikuwa ni furaha.

Alifunga mlango taratibu, akakaa sakafuni mbele ya mwanawe.

"Sema tena, mama," alinong'ona. "Anzia mwanzo."